Nguzo ya kitanda cha Upendo

"Imeachana sawasawa," amesema shemeji yangu Osmundi, seremala wa hapa Lipingo, asubuhi hii.

Mninga wake wa mwisho huo, wa kupamba kitanda cha harusi cha binti yake Upendo.

Vipande viwili hugandishwa kwa gundi, karatasi ya mfuko wa saruji ikiwa katikati, vikerezwe kama nguzo moja, kisha hutenganishwa kwa patasi kuwa nusu mbili za kupamba. Bila karatasi, patasi inararua mbao.

Kabla hajagonga, dada yangu alimuuliza mumewe, "Baba Upendo, karatasi uliweka?"

Hakukumbuka.

"Shika huko, mama. Ikiharibika, tumeharibu wote," Osmundi akamwambia, akiweka patasi kwenye kiungo.

Akagonga. Nusu mbili safi, kila moja na karatasi yake.

Dada akamfuta jasho kwa kanga. "Umenizeesha, baba."

Kitanda kinapanda Mapera, ukweni kwa Upendo, Ijumaa. Mwenye gari la mizigo la kukibeba aseme.