Uvunguni mwa Landrova

Kwa miaka kumi na mmoja Nikolaus hakuingia uvunguni mwa gari, na yeye kazi yake ilikuwa ufundi wa magari. Pale Mikumi watu walijua kwamba mgongo unamsumbua. Magari ya zamani yaliyokwisha kukatiwa tamaa aliyafufua akiwa amesimama: bodi, injini, nyaya. Kazi ya chini aliipeleka kwa fundi mwenzake, Yassin, kwa kisingizio cha nafasi.

Na kweli nafasi haikuwepo. Gereji yake ilikuwa uchochoro kati ya nyumba yake na ukuta wa jirani, umeezekwa mabati. Landrova ikiingia, kushoto anapita mtu kwa ubavu, kulia inabaki shubiri moja tu. Akitaka kugusa ule upande mwingine, sharti gari lisukumwe nje, ligeuzwe, lirudi kinyumenyume. Milango na viti vilipandishwa juu ya kenchi za paa. Boneti ilikaa chumbani, na mkewe Debora alianikia kanga juu yake.

Mwezi wa kwanza alikuja Ngeleja, mfugaji wa kijiji jirani kiitwacho Ulaya, akivuta Landrova kwa trekta.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Hili limelala miaka mingapi?"

"Tisa. Kuku walikuwa wanatagia humo. Marehemu baba alituhamishia huku nalo, wote tumerundikana nyuma na ndama wawili. Nataka litembee tena."

Nikolaus akalipenda gari lile. Kufikia mwezi wa tatu injini ilinguruma na bodi ilikuwa imenyooshwa. Zikabaki springi za nyuma. Naye Yassin alikuwa amehamia Morogoro.

Siku ikapita, wiki ikapita. Nikolaus alifuta vumbi mahali palipokwisha kufutwa. Ngeleja alipopiga simu, alimwambia mgongo unamsumbua. Debora alikuwa anachambua mchicha mlangoni, akasikia.

"Baba Fabiola," alisema, "mgongo gani huo? Jana umebeba gunia la mahindi kutoka sokoni."

Nikolaus akakaa juu ya tairi. Ndipo alipomwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Alipokuwa Kimamba, kwenye shamba la mkonge, mwenzake Laurent aliingia chini ya trela, na yeye Nikolaus ndiye aliyekuwa ameshika mpini wa jeki. Laurent alikuwa anasimulia habari za mbuzi wake aliyezaa mapacha. Jeki ikateleza. Neno lilikatika katikati.

"Mpaka leo silijui lingekuwa neno gani," alisema. "Nikiinama tu kuchungulia chini ya gari, pumzi inagoma."

Debora akaweka ungo chini, akajifunga kanga vizuri.

"Spana nimekupa mimi miaka yote. Nazijua. Utaniambia cha kufungua."

"Mama Fabiola, hapana."

"Basi ingia wewe."

Hakuweza kuingia. Wakalinyanyua gari kwa nyuma, wakalikalisha juu ya magogo manne ya mninga, mawili kila upande, wakatoa magurudumu ya nyuma, la kulia kwa taabu, mikono ikipenya kwenye ile shubiri. Nikolaus aliyatikisa magogo moja moja, akayatikisa tena. Debora akateleza chini kwa mgongo, miguu ikabaki nje.

Nikolaus aliisikia spana ikigonga chuma.

"Sema kitu," alimwambia. "Usinyamaze."

"Niseme nini? Nati imeganda hii. Mdogo wangu Happiness amenipigia asubuhi, anasema mtoto ameanza kutamba—"

Akakatisha neno ili aivute spana. Nikolaus akachuchumaa karibu na miguu yake.

Hapo ndipo alipoliona. Usiku wa kuamkia siku ile mvua ilikuwa imenyesha, na maji ya paa la jirani yalipenya chini ya ukuta hadi kwenye udongo wa gereji. Gogo moja la upande wa kulia lilikuwa linazama. Lilizama polepole, kama kidole kwenye ugali. Alitaka kupiga kelele, asiwahi. Gari likalala kulia, gogo likachomoka, bati la bodi likasaga matofali kwa mlio wa kutisha. Kisha gari likatulia, limeegemea ukuta. Ile shubiri moja aliyoilaani kila siku ndiyo iliyolizuia lisianguke lote.

"Debora!"

Kimya.

"Debora!"

"Nipo." Sauti ilikuwa nyembamba. "Kanga imebanwa. Siwezi kujivuta. Baba Fabiola, ukuta unalia."

Kweli ukuta ulikuwa unalia, na unga wa matofali ulimwagika. Hakukuwa na muda wa kumwita mtu. Nikolaus akalala chini. Pumzi iligoma kama siku zote, naye akaingia bila pumzi, akijikokota kwa viwiko, chuma kikimkwaruza kichwani. Alilikuta fundo la kanga, likakataa kufunguka. Akalichana kwa meno. Akamshika mkewe makwapani, wakatoka kinyumenyume, wote wawili matope matupu.

Walikaa wameegemea ukuta wa nyumba yao. Debora alichubuka bega tu. Jirani yao, Costancia, alikuja kuulizia ufa kwenye ukuta wake, akawaona walivyo, akaenda kuwachemshia chai.

Springi zilifungwa wiki ya pili, majirani wakiwa wamesaidia kulinasua gari, nalo likiwa nje kwenye lami ya kituo cha mafuta, juu ya stendi za chuma. Nikolaus aliingia mwenyewe. Alitoka mara sita kutapika na kurudi, huku Debora akichuchumaa kando, mkono ameuweka juu ya kifundo cha mguu wa mumewe. Ngeleja alilichukua gari siku ya mnada, akaondoka akipiga honi.

Hofu haijamtoka Nikolaus. Hadi leo akiingia uvunguni, anamwomba mtu aliye karibu azungumze, na azungumze bila kusita mpaka yeye atoke.