Meno Arobaini na Matatu

Wanafunzi walimwita Bi Nusu, naye hakuwahi kuwakataza. Uwanjani, tangu asubuhi mpaka jua la utosi, neno lake lilikuwa hilo hilo. "Achia nusu. Nusu, nimesema. Klachi si mlango wa choo, uuachie tu ujibamize wenyewe."

Kabla ya hapo alifundisha hesabu sekondari. Alikuwa mwanamke wa chaki na pasi, asiyeonekana na mkunjo hata kwenye kanga ya jikoni. Shule ya kuendesha pikipiki ilikuwa ya mumewe. Mume alipofariki, ndugu na majirani walikaa wakingoja kusikia imeuzwa kwa nani. Hawakusikia. Waliona tu mjane kavaa suruali, yuko uwanjani na pikipiki, anaanguka mbele za watu, anajipangusa vumbi, anapanda tena. Alipokwisha kuanguka akaanza kufundisha. Jina la marehemu likabaki ukutani kwa herufi kubwa za bluu, na kila rangi ilipofifia alilipaka upya kwa mkono wake.

"Si umwite mpaka rangi?" mama mkwe alimwuliza siku moja.

"Mama, mpaka rangi atalipaka kama tangazo la sabuni. Hili ni jina la mwanao."

Mama mkwe akamshikia kopo la rangi.

Kwa miaka mingi wanafunzi wa shule ile walifaulu kama kawaida. Kisha akaja mtahini mpya, mtu mrefu, mkavu, asiyecheka na asiyepokea hata soda. Jaribio la mlimani, ambalo zamani lilifanywa kwenye mteremko mdogo karibu na lango, akalihamishia nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo hata mbuzi hupanda akifikiri. Mwanafunzi anatakiwa asimame katikati ya mlima, mguu chini, breki imebanwa, kisha aondoke bila kurudi nyuma na bila kuzima injini. Mitihani miwili ikapita, na mara zote mbili wanafunzi wa Bi Nusu walishuka wakisukuma pikipiki.

Maneno hayakukawia. Dukani, akiwa amesimama kungoja sabuni, alisikia nyuma yake mtu akisema kwa sauti ya kusudi, "Ile shule ilizikwa na mwenyewe. Kilichobaki ni ukuta." Bi Nusu hakugeuka. Alipokea sabuni yake, akamshukuru mwenye duka kwa sauti ya darasani, akatoka. Lakini hatua zake kurudi nyumbani hazikuwa zake za kila siku. Lile jina alikabidhiwa zima, na sasa lilikuwa likimeguka mikononi mwake, mbele ya macho ya watu.

Aliyemwuma moyo zaidi ni mwanafunzi wake mkunga. Alikuwa mama wa makamo, mzito wa mwili na mwepesi wa ulimi, ambaye mikono yake ilipokea nusu ya watoto wa mtaa. Kliniki ilikuwa imempatia pikipiki ya kwendea kwa wazazi wa mbali, nayo ilikuwa imefunikwa turubai ikimngoja apate leseni. Alikwishaanguka mtihani wa mlimani mara mbili. Akianguka ya tatu, pikipiki ingepewa mwingine.

"Tatizo si mkunga, shemeji," alisema mdogo wa marehemu, fundi wa shule, huku akiwa amechuchumaa karibu na gurudumu la nyuma. "Tatizo ni meno."

"Mkunga ana meno yote."

"Ya sproketi. Nawe huachi mzaha hata siku ya msiba."

"Nani amefiwa? Eleza."

Shemeji akaeleza. Sproketi ya mbele, gurudumu dogo la kushika cheni linalotoka kwenye injini, ilikuwa na meno kumi na manne. Ya nyuma, inayozungusha tairi, thelathini na manane. Kiwanda kilipanga hivyo kwa mtu wa barabara tambarare anayetaka kwenda mbali bila kuchoma mafuta mengi. Mlimani, na mwili kama wa mkunga juu yake, injini inabebeshwa mzigo kabla haijapata pumzi. Bi Nusu alichukua chaki akaandika sakafuni, akagawanya, akatikisa kichwa polepole.

"Yaani ngazi zetu ni ndefu mno. Tunataka vidato vingi, vifupi. Injini ipige hatua nyingi, kila hatua iwe nyepesi."

"Hapo hapo. Itachomoka vizuri toka ilipo. Mbio za barabara kuu zitapungua, na itapiga kelele mapema."

"Mimi sifundishi mbio."

Kulikuwa na njia ya mkato, na shemeji aliipenda kwa kuwa ilihitaji kipande kidogo tu na muda wa kunywa chai. Alifunga sproketi ya mbele yenye meno mawili pungufu. Kesho yake mkunga akapanda, akatia moto kama alivyozoea, akaachia. Pikipiki ikaruka. Ilivuka uwanja, ikapita kati ya koni bila kugusa hata moja, jambo ambalo mkunga hakuwahi kulifanya kwa hiari yake, ikaingia katika kamba ya nguo za jirani. Alitoka na shuka kichwani, mzima.

"Fundi," alisema kutoka ndani ya shuka, "pikipiki yako imeshikwa na uchungu. Ungeniambia mapema nijiandae."

Wanafunzi walicheka mpaka wakakaa chini. Bi Nusu alicheka pia, kisha akaenda kwa jirani kuomba radhi na kuifua ile shuka yeye mwenyewe. Wiki haikuisha, cheni ikaanza kulia. Sproketi ya mbele sasa ilikuwa ndogo mno, cheni ilijikunja kwa nguvu kuizunguka, na ilikuwa ikikwaruza chuma kinachoshikilia tairi la nyuma.

"Toa," alisema Bi Nusu. "Rudisha ya zamani mbele. Tuongeze nyuma, na cheni ndefu. Kazi ya mkato imetosha."

Sproketi mpya ya nyuma ilikuwa na meno arobaini na matatu. Ilipofungwa, na cheni ikakazwa ikabaki na kile kilegeo chake kinachotakiwa, Bi Nusu mwenyewe ndiye aliyeipeleka mlimani kwanza. Alisimama katikati, akaachia nusu, na pikipiki ikapanda kwa adabu, bila kuruka wala kukohoa. Alishuka akiwa amebana midomo, namna yake ya kutabasamu.

Ndipo likaja suala la kifuniko. Pikipiki zile huwa na bati linaloficha cheni yote, na sproketi mpya haikuingia ndani yake.

"Nitalipiga nyundo litanuke," shemeji alisema. "Likipakwa rangi, hakuna atakayejua ndani kuna nini."

"Livue."

"Mafuta yatawarukia suruali."

"Watakunja."

"Shemeji, mtahini ataona."

"Na aone. Jina la kaka yako haliwezi kukaa nyuma ya bati lililogongwa."

Mkunga, aliyekuwa akifunga kofia yake, akadakia. "Mficha uchi hazai, fundi. Wote waliojaribu nawajua kwa sura."

Basi wakajifunza mlima kwa ile pikipiki iliyo wazi ubavuni. Hofu ikawatoka mmoja mmoja. Lakini Bi Nusu hakuwa mtu wa kujidanganya. Alijua kuwa pikipiki ya kliniki haikuongezewa jino hata moja, na kwamba dunia imejaa pikipiki kama hizo. Wiki ya mwisho akaazima ya shemeji, ambayo haijabadilishwa kitu, akawapandisha kwa hiyo. Walilalamika. Fundi cherehani, mwanafunzi mwenzake mkunga, alisema wanarudishwa utumwani.

"Mkongojo ni wa kuponyea mguu," Bi Nusu aliwajibu. "Haurithiwi."

Kwa ile ngumu mkunga mara alipanda, mara alizima. Siku ya mtihani ilifika kabla hajaacha kuzima.

Asubuhi hiyo shule zote zilikusanyika nyuma ya tangi. Mtahini alizikagua pikipiki, jalada kwapani. Alipofika kwa ya Bi Nusu alisimama, akainama, akatazama ule mduara mkubwa wa chuma unaong'aa.

"Mwalimu, hii ilitoka kiwandani hivi?"

"Haikutoka hivi. Ilitoka na thelathini na manane. Sasa ni arobaini na matatu."

"Kwa nini?"

"Ili ichomoke mlimani."

Nyuma yao mtu akacheka. "Kumbe! Kule hafaulu mtu, inafaulu pikipiki."

Kicheko kikasambaa kama maji yaliyomwagika. Bi Nusu alisimama wima.

"Sheria haisemi lolote kuhusu meno," mtahini alisema. "Siwezi kukuzuia. Ila watu watasema."

"Nimewasikia." Alitazama chini ya kibanda, ambako pikipiki ya ofisi, nyeusi, ya aina ile ile, ilikuwa imeegeshwa. "Hiyo yenu imebadilishwa?"

"Hiyo haijaguswa hata na kitambaa."

"Basi naomba wanafunzi wangu wapande kwa hiyo, kama wenyewe wanakubali."

Shemeji alimvuta mkono wa blauzi. "Shemeji, mkunga bado huzima. Unajua."

"Najua." Akamfuata mkunga pembeni. "Nimefikiria jina la shule, lakini leseni ni yako. Ukitaka yetu, panda yetu, na atakayekulaumu atanikuta mimi."

Mkunga aliitazama ile nyeusi, kisha mlima, kisha akavuta pumzi ya mtu anayekunja mikono ya shati.

"Mtoto akitanguliza miguu, simwambii rudi ujipange upya. Napokea hivyo hivyo. Ilete."

Akapanda mpaka kwenye alama ya chokaa, akasimama. Mguu chini, breki. Mwalimu haruhusiwi kusema kitu wakati wa mtihani, na Bi Nusu alisimama midomo imefungwa, mkono wake wa kushoto ukijikunja na kujikunjua peke yake, kama wenye klachi ndani.

Injini ikapanda sauti. Mkunga akaachia kidogo. Sauti ikazama, ikawa nzito, ikaanza kutetemeka kama mtu anayetaka kukohoa, na pale chini mtu akasema, "Imekwisha." Mkunga hakuachia zaidi wala hakubana kwa pupa. Alibaki pale pale nusu, akaongeza moto, akangoja. Alingoja kama anavyongoja kazini, bila kuharakisha kisichoharakishwa. Gurudumu la nyuma likashika udongo. Pikipiki ikasogea, kwanza kama inayojiuliza, kisha moja kwa moja, mpaka juu ya mlima, ambako mkunga aliinua mkono bila kugeuka nyuma.

Mtahini akaandika. "Amepita. Wengine warudi kwa pikipiki yao?"

"Hapana. Wote kwa hiyo hiyo."

Fundi cherehani akarudi hatua moja. "Mwalimu, mimi nilidhani ni mkunga peke yake."

"Jina ukutani ni moja, mwanangu. Vaa kofia."

Akavaa, vidole vikikosea kifungo mara mbili, akaenda. Kwenye koni aliangusha mbili na ikabidi aambiwe aje tena mtihani ujao. Mlimani hakurudi nyuma hata kidogo.

Watu walipoanza kutawanyika, yule aliyecheka, mwalimu wa shule nyingine, alimsogelea shemeji kwa hatua za mtu anayeomba moto wa sigara. Akauliza kwa sauti ya chini ile sproketi ya nyuma inapatikana duka gani. Shemeji alimgeukia mwenye shule.

"Mwambie," alisema Bi Nusu. "Na umwambie anunue na cheni ndefu, asije akajaribu ya mbele. Majirani wana nguo zao."