Wazungu Waliokimbilia Nyabiyonza

Mkuu wa shule alitutangazia paredini kwamba wanafunzi wa Ulaya wanakuja Karagwe kutafuta shida. Hakusema hivyo kwa mzaha. Alikuwa amejaribu kwanza maneno mengine, mafunzo, ujasiri, maisha ya porini, akaona nyuso zetu hazijafunguka, basi akaamua kusema lililo kweli. Vijana wa umri wetu watapanda ndege, watavuka bahari, watafika kwetu, halafu watatembea kwa miguu na mizigo mgongoni, watajipikia, watalala nje na watanyeshewa. Wakimaliza watapewa cheti.

Mwalimu wa kilimo, aliyekuwa amesimama nyuma ya mistari yetu, alisema kwa sauti ya chini ambayo shule nzima iliisikia, "Kumbe shida ina cheti! Mimi basi wanipe digrii."

Ilikuwa miaka ya themanini inaelekea ukingoni. Sabuni tulikuwa tunaikata vipande kwa uzi, na sukari ukiionja unahadithia. Hakuna aliyeelewa kwa nini mtu alipe nauli kuja kuishi kama sisi. Lakini mkuu wa shule aliendelea, na maneno aliyoongeza yaliniondolea usingizi. Wanafunzi wawili wa kwetu watatembea na wageni kama wakalimani na waonyesha njia. Safari ikienda kwa kanuni zote mpaka mwisho, hao wawili mwaka unaofuata watapelekwa Ulaya kwenye kambi kama hiyo, milimani, kwenye theluji, bila kulipa chochote.

Nilikuwa kidato cha tatu. Tangu utotoni nilikuwa na ugonjwa wa barabara. Nikiona lori la kahawa limejaa linaondoka kwenda Bukoba, nalikimbiza mpaka konani kana kwamba nimesahaulika nyuma. Ulaya niliitaka kama mtu anavyotaka maji. Nikachaguliwa, kwa sababu Kiingereza changu, kama alivyosema mwalimu wa somo hilo, kilikuwa kibovu lakini hakikati tamaa. Mwenzangu alikuwa msichana wa darasa langu, binti wa ofisa aliyehamishiwa kwetu kutoka Muleba. Yeye Ulaya hakuihangaikia sana. Alisema anataka tu kujua kama Wazungu wanakoroma.

Tulianzia Kituntu. Mwalimu wa wageni alikuwa mrefu, shingo nyekundu, filimbi kifuani. Alitueleza kanuni polepole ili zituingie. Kila mmoja abebe mzigo wake mwenyewe. Wapike chakula chao wenyewe. Walale kwenye mahema yao wenyewe. Wakisaidiwa na yeyote, safari imevunjika, na ikivunjika hakuna cheti kwao wala Ulaya kwetu. Nilimwelewa vizuri sana. Yeye ndiye hakuelewa kwamba alikuwa ametaja, moja baada ya nyingine, aibu zote ambazo mtu wa kwetu hawezi kukubali mgeni azipate mbele ya nyumba yake.

Hatukufika mbali. Mama mmoja aliyekuwa anageuza kahawa kwenye jamvi alituona, akawaachia kuku kahawa yake na kuja mbio, mikono mbele.

"Poleni na safari! Lete nikupokee, mwanangu."

Akashika shanta ya binti wa Kizungu aliyekuwa mbele. Binti akaing'ang'ania. Kwetu mgeni akikataa kupokewa mzigo mara ya kwanza, ni adabu njema, kwa hiyo mama akavuta kwa adabu zaidi.

"Shikamoo mama," nilisema. "Tafadhali, mwache abebe mwenyewe."

"Marahaba. Wewe mtoto wa nani?"

Nikamtajia.

"Na baba yako anajua kwamba unatembea na wageni, wao wamebeba kama punda, wewe unatembeza mikono?"

Nilipokuwa natafuta jibu, shanta ilikuwa tayari kichwani kwake na mama yuko mbele anapandisha kilima. Mwalimu akapuliza filimbi. Mama alidhani anahimizwa, akaongeza mwendo. Tulimkuta kwenye njia panda, ameketi juu ya jiwe, shanta ameiweka kwenye jani la mgomba isipate vumbi. Binti wa Kizungu alikuwa analia, na mama akamfuta machozi kwa khanga yake na kuniangalia mimi.

Mwalimu alifikiri sana. Mwishowe alisema tukio lile halihesabiwi, kwa kuwa shanta ilichukuliwa kwa nguvu: ulikuwa wizi, haukuwa msaada. Nilishukuru Mungu, na sikumtafsiria mama.

Ihembe tulipiga kambi kwenye uwanja wa mpira. Wageni walitoa jiko dogo la gesi wakakoroga supu ya unga wa pakiti, maji ya kijivu yenye vijani vinavyoelea. Wazee walikuja wakakaa ukingoni mwa uwanja, fimbo katikati ya magoti, wakatazama ile supu kama watu wanaotazama maiti. Baadaye balozi wa nyumba kumi akaniita pembeni.

"Hawa wametoka wapi?"

"Shikamoo mzee. Ulaya."

"Ulaya naijua. Nauliza wamekimbia nini?"

"Hawajakimbia, mzee."

"Mtu ametoka kwake na sufuria mgongoni, na turubai, na watoto wa watu, bila mama zao, bila hata mbuzi, halafu hajakimbia?" Akawageukia wenzake. "Sisi mwaka wa vita, mabomu yalipoanza kulia, hatukubeba hivi hivi? Si ndivyo tulivyofungasha?"

"Ndivyo," wenzake wakaitikia. "Hata sufuria zilikaa hivyo hivyo, mdomo chini."

"Wanafanya mazoezi," nikasema.

"Mazoezi ya nini?"

"Ya shida."

Mzee mmoja akatikisa kichwa kwa huruma. "Mwacheni kijana," alisema. "Amekatazwa kusema."

Jioni mapema wageni walikwenda kijitoni kunawa. Waliporudi, ndani ya kila hema kulikuwa kumetandikwa nyasi mbichi, nene, zinazonukia, kama tunavyotandika sebuleni akija mkwe. Nguo zao zilikuwa zimekunjwa. Katikati ya uwanja palikuwa na chungu kikubwa cha ndizi zilizopikwa na maharage, kimefunikwa majani, na kando yake kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa ajili ya mwalimu. Supu yao walikuwa wamemmwagia mbwa, naye ameiacha.

Wanafunzi wa Kizungu hawakungoja tafsiri. Walishambulia chungu kwa mikono. Mwalimu alipuliza filimbi mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na akina mama wakapiga makofi, wakidhani ni ngoma yao ya kushukuru.

Nyasi alizisamehe kwa kuwa, alisema, ni mazingira. Rubisi hakuigusa, kwa hiyo haipo. Ndizi hakuzisamehe. Alinishika bega akaniambia nimsikilize vizuri. Msaada mmoja tu mwingine kabla ya Nyabiyonza, pale tulipopanga kumalizia, na mimi nisahau ile kambi ya milimani. Alisema bila hasira. Nadhani yeye mwenyewe alikuwa na njaa.

Kesho yake nilitangulia mbele ya msafara. Kila nyumba niliyoikaribia nilianza kupiga kelele kutoka mbali, "Msiwasaidie! Jamani, nawaomba, msiwasaidie hao wanaokuja!" Niliona ni njia safi, ya mtu mwenye akili. Mbele yangu milango ikawa inafungwa. Nyuma yangu ikawa inafunguliwa, na watu wanatoka na maboga, na viazi, na blanketi. Mwanamke mmoja alinirushia gunzi la mahindi. Bibi mwingine aliniuliza bila kunisalimia, "Wamekukosea nini hata uwafuate mpaka huku?"

Mwenzangu alicheka hadi akakaa chini njiani.

"Umeelewa?" aliniambia. "Walikuwa wanatafuta wageni wamekimbia nini. Sasa wamekupata. Wewe ndiwe vita."

Alitumia asubuhi nzima kurudisha maboga. Alikuwa na ulimi, na aliwaambia watu kwamba Wazungu hawa dini yao inawakataza maboga. Kwa namna hiyo tulifika mwisho wa Ihembe na kanuni zetu zikiwa hai, mvua ikitupiga, wageni wakiteleza kwenye udongo mwekundu na kuinuka, mwalimu akitabasamu kwa mara ya kwanza. Shida ilikuwa imepatikana.

Lakini habari haina mzigo mgongoni. Ilikuwa imetutangulia.

Tulipoingia Nyabiyonza tulikuta watu wamejipanga kando ya njia. Walitupeleka mpaka kwenye ukingo wa kibanja cha mzee mmoja, shamba lake la migomba na kahawa, na hapo nikaona. Kipande cha ardhi kilikuwa kimefyekwa na kupimwa kwa kamba za migomba. Mashimo ya migomba yalikuwa yamechimbwa, chipukizi zimelazwa pembeni kwa mstari. Miche ya kahawa ilikuwa kwenye kivuli. Na katikati, nguzo za nyumba, mbichi, zimekwisha kusimikwa.

Mzee mwenye kibanja alikuwa amekuja kutoka Rwanda akiwa kijana, miaka mingi kabla mimi sijazaliwa. Alivaa koti lake la kanisani, limelowa. Alisogea mpaka mbele ya mwalimu, akamtazama, kisha akaniambia mimi:

"Mwambie nimesikia anakataa chakula. Mwambie namjua. Nami nilipofika upande huu nilikataa chakula, nikawaambia wenye nchi kwamba sisi hatukukimbia, tumetembea kidogo tu. Mke wangu akanikanyaga mguu." Watu wakacheka, na mkewe pale nyuma akasema, "Na bado ningemkanyaga." Mzee akaendelea. "Wenye nchi hawakuniuliza nimefanya nini huko kwetu. Walinionyesha mahali pa kuchimba. Sasa mwambie mwalimu wako, kukimbia si aibu. Aweke mzigo chini. Hapa ni pake yeye na watoto."

Mwalimu aliniuliza anasema nini yule mzee.

Mwenzangu alininong'oneza haraka, "Mwambie ni bustani ya maonyesho. Mwambie ni banda la mbuzi. Sema chochote, Ulaya hiyo inaondoka!"

Nami nilitaka kudanganya, nilitaka sana. Nilifungua kinywa nikiwa na banda la mbuzi tayari. Lakini mzee alikuwa ananitazama mdomoni, anangoja maneno yake yavuke, na Kiingereza changu hakikuwa na maneno ya kutosha kwa ajili ya uongo. Uongo unataka msamiati. Nikasema kile nilichoweza. Watu hawa wanafikiri mmefukuzwa kwenu. Mzee huyu alifukuzwa kwao. Anakupa nusu ya shamba lake. Anasema usione aibu.

Maji yalikuwa yanamtiririka mwalimu kutoka kwenye kofia hadi kwenye filimbi. Aliziangalia zile nguzo, akayaangalia mashimo, akamwangalia mzee na koti lake. Kisha akafungua mkanda wa kifuani, akaishusha shanta, akamkabidhi.

Mzee aliipokea kwa mikono miwili na kushukuru, kama yeye ndiye aliyepewa.

Baada ya hapo hapakuwa na kanuni tena. Akina mama walizivua zile shanta migongoni kama wanaovua watoto mashati. Mwalimu alipewa jembe, akapiga magoti kwenye matope akapanda mgomba wa kwanza, na mzee akaung'oa taratibu akaupanda upya, kwa sababu alikuwa ameugeuza juu chini. Tulikula ndizi. Rubisi safari hii ilikuwapo, na mwalimu akaikiri kibuyu baada ya kibuyu. Mwenzangu alipata jibu lake: wanakoroma.

Kesho yake, tukingoja gari, mwalimu aliniita. Alizungumza kwa upole, nami nikamwelewa vibaya mara mbili kwa makusudi, ili aseme tena kwa namna nyingine, labda itatoka tofauti. Haikutoka tofauti. Kambi ya kule kwao haipokei viongozi wa safari iliyovunjika. Aliyeivunja ni yeye mwenyewe, kwa hiari yake, na hawezi kwenda kusema vingine. Wanafunzi wake nao hawatapata cheti. Alinipa mkono. Sikuweza kumchukia, na hilo lilinikera zaidi.

Tangu siku hiyo nimezurura sana. Nimechimba Geita, nimekaa visiwani, nimeuza mitumba Kahama na kulinda maghala Kigoma, na sasa nimepita miaka arobaini na bado begi langu halijafunguliwa lote. Bahari sijaivuka. Kila ninapofika mahali papya huwa nasimama kidogo barabarani kabla ya kuuliza njia, nione kama kuna mtu anakuja na mikono mbele. Mara nyingi hakuna.

Siku ile gari la kuwachukua lilifika mchana, Landrova yenye matope mpaka kwenye vioo. Dereva alipoanza kupakia mahema, watu wa Nyabiyonza waliuliza kuna nini, na mtu akajibu kwamba wageni wanarudi kwao. Ghafla vigelegele vikalipuka. "Kwao kumetulia!" walikuwa wanapokezana. "Vita imekwisha Ulaya!" Walimkumbatia mwalimu, waliwakumbatia wale vijana, mama mmoja akamtupia dereva mkungu wa ndizi dirishani kwa furaha. Gari likaondoka, linapiga honi, watoto wakilikimbiza.

Mimi nilikwenda nyuma ya zile nguzo nikaegemea moja, nikalia. Nililia kwa kwikwi, kama mtoto aliyenyimwa, nikisikia mlio wa gari ukipungua bondeni pamoja na theluji yangu yote.

Mzee alinikuta hapo. Akaweka mkono wake mzito kichwani kwangu.

"Nyamaza, kijana," alisema. "Kibanja chao nitakipalilia. Wakikimbia tena, njia wanaijua."