Jina la Konstebo Usi

Bi Khairiya Bakar Usi alivaa sare ya polisi miaka thelathini na mbili, akastaafu na cheo cha sajenti, na mpaka leo akipita vichochoro vya Mji Mkongwe wauza matunda huzisogeza meza zao pembeni bila ya kuambiwa. Si mkali. Ana jicho tu, na kichwa kigumu.

Ugumu huo ndio uliomwingiza polisi. Babaake, Mzee Bakar wa Paje, alimkatalia katakata. "Nguo zile zishatutia aibu mara moja," alimwambia, na hakueleza zaidi. Maelezo aliyapata kwa mashangazi. Babu yake, Usi, alikuwa konstebo wakati wa vita vya Hitla, Mwingereza alipokuwa akitawala. Meli za mchele zilikuwa haziji, mchele ukawa wa kugaiwa kwa kipimo, na askari wakawekwa njiani kuwapekua watu wanaotoka shamba kwenda mjini. Ukikutwa na mchele bila ya kibali, unanyang'anywa, na pengine unafungwa. Usi alifukuzwa kazi kwa kuiba mchele ulionyang'anywa. Akarudi kijijini Paje kichwa chini, akafa bila ya kujitetea.

Sasa, kwao mtoto akipewa jina la babaako, unamwita baba, hata kama bado ananyonya. Mzee Bakar alipata watoto saba na wajukuu wa kujaza baraza, na hakuna hata mmoja aliyepewa jina la Usi. Amezeeka bila ya kuwa na mtu wa kumwita baba.

Alipostaafu, Bi Khairiya alianza kushinda kwenye nyumba ya nyaraka, akisoma majalada ya polisi wa zamani. Mambo hayo anayapenda mno. Atakusimulia masherifu wa Uingereza, wale maofisa waliomlindia mfalme amani mikoani karne na karne, mpaka chai yako ipoe. Lakini aliyekuwa akimtafuta hasa ni babu yake, na siku alipomwona alijuta. Jalada lilisema Konstebo Usi, nambari 147, amechukua pishi mbili za mchele uliokamatwa, na amekiri. Neno hilo la mwisho lilimkata maini. Alilifunga jalada akenda zake nyumbani, asimwambie mtu.

Wiki ileile akakumbuka picha yake ya kustaafu, ambayo kwa miaka mitatu ilikuwa ikingoja fremu. Akaipeleka mtaa wa Hurumzi kwa fundi fremu mmoja mzee, Mwarabu wa miaka themanini na mbili. Fundi akamwuliza jina ili aliandike nyuma ya picha.

"Khairiya Bakar Usi."

Fundi akaweka kalamu chini. "Usi wa wapi, Bi Khairiya?"

"Wa Paje. Alikuwa askari zamani," alijibu, na palepale akajuta kufungua mdomo.

"Mimi naitwa Usi Zahran," alisema fundi, akivuta kiti. "Maisha yangu yote watu wananicheka, Mwarabu gani anaitwa Usi. Nlizaliwa wakati wa vita. Mama alikuwa taabani, baba akenda shamba kumtafutia mchele wa uji. Njiani akapekuliwa, akanyang'anywa. Konstebo akamwuliza wa nini na anakaa wapi, baba akamwambia. Siku ya pili mchana konstebo yule akaja kubisha hodi, kaushika mchele wetu uleule, pishi mbili. Bibi akamwuliza jina lake. Siku ya saba nkapewa mimi."

"Mbona hamkumtetea?"

"Baba aliogopa kufungwa. Alipopata ujasiri wa kumtafuta, kashafukuzwa, na sisi hatujui kwao wapi." Alivua miwani akaifuta. "Kila Ijumaa namsomea Fatiha. Leo ndo mara ya kwanza namwona mtu wake. Tusameheni."

Bi Khairiya, aliyehoji majambazi bila ya kupepesa macho, alilia mbele ya fremu za watu. Kweli babu aliuchukua mchele, na kweli alikiri. Alichokificha ni mlango alikoupeleka, maana angeutaja, baba wa kitoto kichanga angekwenda jela. Alimshukuru Mungu, akamshukuru fundi, akaushukuru hata uvivu wake mwenyewe wa miaka mitatu.

Jumapili walikwenda Paje. Mzee Bakar, mwenye miaka themanini na saba, alikuwa amekaa barazani. Bi Khairiya alimweleza yote kwa sauti kubwa, maana masikio ya mzee yamechoka. Fundi akasogea, akainama, akampa mkono.

"Shikamoo. Mimi Usi."

Mzee Bakar aliushika mkono ule kwa mikono yake miwili, asiuachie. Alimtazama mgeni, ambaye kwa umri ni mdogo wake kwa miaka mitano.

"Marahaba, baba," alisema.