Ngombe ya Mu Telefone Ni Mimi

Ile jambo yenye inanipa haya kuliko yote, niiseme kwanza tuimalize: ngombe yenye inalia mu muchezo yetu ya telefone ni mimi. Muntu muzima mwenye ndevu. Nilijifungia mu kachumba ka nyuma ya kazi, nikajifunika blanketi ku kichwa juu makelele ya barabara isiingie, nikalia kama ngombe mbele ya telefone mpaka jasho ikanitoka. Nilipotoka, motari moja, muntu ya kubeba bantu ku pikipiki, alikuwa amesimama ku mulango, anangojea telefone yake yenye niliweka ku sharji. Akaniangalia, akaangalia nyuma yangu, akaniuliza pole pole kama tunachinja leo, na kama maini ingali iko. Tangu siku ile, mu muji yetu ya Kitshanga muzima, hakuna mwenye ananiita jina yangu.

Bantu banauliza juu ya nini hatukutafuta ngombe ya kweli, na huku kwetu ngombe zinajaa. Tulitafuta. Zile zenye zinapitaka ku barabara zinalia siku yote, lakini ukileta telefone karibu na mudomo, inanyamaza, inakuangalia kama vile iko mbele ya juje na inangojea avoka wa kuitetea afike.

Kampuni yetu ilikuwa bantu batatu. Rafiki yangu njo alikuwa kichwa. Alisomaka informatike kule Goma, kisha franga ya masomo ikaisha, akarudi na ordinatere moja, kompyuta yenye batri yake ilikufaka zamani. Dada yake mudogo ni mushonaji, anachoraka maua ku nguo za harusi, basi tukamupa kazi ya kuchora milima. Mimi nilifikaka ya tatu sekondere. Banasemaka niliacha masomo, lakini ukweli tuliachana kwa amani, mimi na masomo, kila moja akashika njia yake. Kazi yangu iko kuchajia bantu telefone, na juu pano ya jua, yenye inatupa umeme, ilikuwa yangu, bakaniita direkta. Wingu ikipita, kampuni inafunga. Wingu ikitoka, tunafungua tena.

Michezo yote yenye tuliona mu telefone za bantu ilikuwa ya bunduki. Rafiki yangu alisema ile hatuhitaji kuiweka mu telefone. Yetu ilikuwa ya chukudu, ile kinga, baiskeli ya mbao yenye inabebaka mizigo. Unashuka mulima na magunia ya maharagi na fromaje ya maziwa juu yake, unafinya ekra ya telefone, na yule mwenye kuendesha anakanyaga kipande ya pneu ya mpira ku gurudumu ya nyuma, njo freni ya kuisimamisha. Ukichelewa kufinya, unaanguka mu muhogo ya bantu.

Lakini haikuwa mulima yoyote. Ilikuwa ya kwao, upande ya Kibabi, fasi mama yao alilimaka maharagi na muhogo, na mama yake yeye pia alilimaka pale. Balikimbia vita wakati rafiki yangu angali mutoto. Hapa Kitshanga, mu nyumba ya mabao na shiti ya plastiki, Mama alipika, alilima shamba ya bantu, aliimba ku kanisa. Ukimuuliza habari ya mulima, anakusukumia sahani: "Kula, inapoa." Njia ilikunja wapi? Kula. Muti ya matunda ya avoka ilikuwa upande gani? Kula. Mu ile nyumba tulishiba sana na hatukujua kitu.

Siku moja rafiki yangu aliniambia, macho yake ku ordinatere, mu kichwa amebaki na mulango moja tu ya kule kwao. Mulango ya rangi ya bleu. Na hajue tena ilikuwa ya nani. Aliogopa Mama atazeeka na mulima muzima ndani yake, na yeye atabaki na ule mulango. Njo juu ya ile tulitengeneza muchezo. Fasi hatukujua, tulijaza na akili yetu, na unajua sasa akili yetu iko ya aina gani.

Tulimupelekea Mama muchezo siku ya yenga, njo Jumapili, misa ikiisha. Alishika telefone na mikono mbili, kama muntu amepewa mutoto ya wengine. Rafiki yangu alimuonyesha fasi ya kufinya, kisha akasimama nyuma yake. Chukudu ikaanza kushuka. Mama alijua freni kuliko sisi. Alipita nyumba ya kwanza, akapita ya pili, akapita muzee mwenye dada ya rafiki yangu alichora ameketi inje na fimbo. Kisha akaweka telefone ku magoti.

Nilizania tumemuumiza. Rafiki yangu alikuwa amekwisha kunyoosha mukono aichukue.

"Huyu muntu ni mwizi?" Mama akauliza.

Rafiki yangu akasema hapana, Mama, anapeleka maharagi ku soko.

"Anapita milango ya bantu yote ile, hasalimie hata moja. Kwetu nani alishukaka vile?"

Rafiki yangu akamuelezea, na ile sauti ya bantu benye balisomaka Goma, kama muchezo iko ya mbio, na yule akisimama kusalimia atapoteza mbio yake. Mama alimungojea amalize.

"Sawa, shuka na mbio yako," akasema. "Na wakati ya kurudi, chukudu ikikushinda ku mupando, nani atatoka mu nyumba yake akusukume?"

Kampuni muzima tukaangalia chini. Tulizaliwa mu chukudu sisi wote, tulisukumaka chukudu za bantu tangu utoto, hata bila kutumwa. Na muchezo yetu iliishia ku soko, na muziki. Hakuna mwenye alifikiria kama yule muntu atarudi kwao.

Sasa Mama alikuwa amerudisha telefone mbele ya macho, na kidole yake inagongagonga ekra. Hapa hamukuwa nyumba, hapa ilikuwa maji, bamama balifua hapa. Njia inakunja kisha kuvuka maji, haikunje mbele yake. Avoka iko upande ya kushoto, na ilizaaka vibaya, musiichore na matunda mingi, mutadanganya bantu. Dada ya rafiki yangu hakukuwa na karatasi, akaanza kuandika ku mukono yake na biki, mpaka ku kiwiko. Rafiki yangu akauliza juu ya mulango ya bleu, na akauliza pole, kama vile haina maana.

"Ya mujomba yako," Mama akasema. "Alipaka rangi yenye ilibakiaka ku kanisa. Padri alikasirika, kisha akakuja kunywa chai."

Rafiki yangu alitoka inje kidogo. Akarudi.

Njo wakati ile ngombe ya mu muchezo ikalia. Mama akainua kichwa. Akauliza ni nani aliacha ngombe igonjwe vile bila kuita dokta. Watoto yake wawili bakanionyesha na kidole, bila huruma. Mama aliniangalia kutoka viatu mpaka ndevu, na akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika nguzo ya mulango, akapanguza macho na kitambaa ya kichwa. Kisha akatuambia kama ngombe yake haikuliaka hivyo. Ilimuitaka tu mangaribi akichelewa ku shamba, kifupi, kama mugeni anakohoa ku mulango. Akatuonyesha. Ilikuwa kasauti kadogo sana. Kisha akatuletea chakula.

Tulitengeneza upya. Sasa ukishuka unasalimia kila mulango, na bale benye ulisalimia banatoka kukusukuma wakati ya kupanda. Mwenye kupita kimya anabaki chini na chukudu yake mpaka anachoka. Bamotari banatumiana muchezo telefone kwa telefone, na yule motari ya maini alikuja kunigombeza, anasema yeye alisalimia, ni muzee njo hakusikia. Kuna mwenye aliniambia ameiona hata kule mbali, Bweremana. Banasema muchezo ya vile haijaonekanaka. Mimi sijue, nilifikaka ya tatu. Yenye najua, bantu bale ya ule mulima banakuja sasa ku nyumba ya Mama kuuliza juu ya nini nyumba yao haimo mu muchezo, na Mama anakata maneno ku kiti yake, huyu ndani, huyu alikaaka ngambo ya maji, aende zake.

Siku moja ya vile nilifika na furaha, juu mwishowe nilikuwa nimepata ngombe ya kweli, sauti safi. Nikamuambia rafiki yangu tuitoe ile ya kwangu, haya imetosha. Aliweka kisikilizi ku sikio, akasikiliza mpaka mwisho, huku Mama anabishana na bantu nyuma yetu. Kisha akanirudishia telefone.

"Miaka yote nilizania Mama amesahau," akaniambia. "Kumbe alikuwa anangoja muntu akosee mbele yake. Na kwa kukosea, kaka, hakuna mwenye anakushinda. Ile ngombe usiiguse."