Shule Iliyokaa Upande

Shule yetu ya zamani haielekei barabara. Imekaa upande, kama mtu aliyekugeuzia bega. Anayetoka Kamina kwa pikipiki kwenda Kaniama huiona kabla hajafika kijijini, na wageni hucheka, wanasema fundi alikuwa amelewa. Fundi alikuwa baba yangu, na hakuwahi kuonja pombe.

Sisi ni Waislamu, asili yetu ni Maniema. Babu zetu walikuja na chumvi na vitambaa, wakakaa hapa kati ya wakulima Wakatoliki. Watoto wa pande zote mbili hawakuwa na shule, basi wazee walikubaliana: wakulima watoe kiwanja, sisi tufyatue na kuchoma matofali. Nilisoma humo mpaka darasa la sita, nikaishia hapo.

Kwetu kila mtu alijua kwa nini imekaa upande. Ilielekezwa kibla, ili Ijumaa wazee waswalie ndani. Nami niliamini hivyo mpaka mwaka huu.

Baba alikufa mvua zilipoanza. Siku tatu kabla, alinishika mkono akaniambia haikuwa kibla. Asubuhi ya kupima msingi, alipokwenda kupiga kigingi cha pembe ya nyuma, alimkuta msichana wa upande wa wakulima amesimama pale, hasemi, haondoki. Udongo chini ya miguu yake ulikuwa umechimbwa karibuni, mahali padogo sana. Baba alielewa kwamba ni mtoto aliyezikwa bila kilio. Akahamisha kigingi, akavuta kamba upya. Wazee walipouliza kwa nini msingi unakwenda upande, alijibu, "Kibla." Walifurahi, hawakuuliza tena.

Nilitamani, sioni haya kulisema, angekufa bila kuniambia.

Maana shule mpya ilikuwa imejengwa kando ya barabara, na ile ya zamani imebaki tupu. Baba mdogo, mkubwa wa jamaa zetu sasa, aliitaka iwe msikiti. Wakulima waliitaka iwe ghala la mahindi. Chefu wa kijiji aliita mkutano.

"Weye njo utasema," baba mdogo aliniambia siku ya arobaini ya baba, watu wangali wanakula. "Weye njo mutoto wa fundi. Sema alijenga kwa kibla, basi."

Nilimweleza kwa sauti ya chini. Alisukuma sahani yake kando.

"Tulipima na telefone. Inaelekea kibla karibu sawa."

"Karibu, baba mdogo."

"Basi Mungu njo alisukuma ile kigingi. Utanyamaza. Tangu zamani banatuita bageni. Hii nyumba iko ushahidi wetu."

Kesho yake nilikwenda kwa yule msichana, ambaye baba alinitajia jina lake; sasa ni bibi mwenye fimbo, nkambo kwa lugha ya wakulima. Alikuwa akipukuchua mahindi.

"Nkambo, banataka niseme juu ya pembe ya shule."

Mikono yake haikusimama. "Alikuachia ile maneno?"

"Ndiyo."

"Bwana yangu alikufa hakujua. Ilikuwa zamani, mbele ya yeye kunioa. Batoto wangu habajue."

"Basi sitasema."

"Utasema nini? Kibla?"

Nilimwokotea punje zilizoruka, nikarudi nyumbani.

Mkutano ulifanyika ndani ya shule yenyewe, juu ya mabenchi ya watoto. Baba mdogo alikaa mbele. Bibi alikaa karibu na mlango, na mwanawe mkubwa, aliyelitaka ghala kuliko wote, alikuwa pembeni yake. Nilisimama.

"Baba yangu hakuelekeza nyumba hii kibla," nilisema. "Alihamisha kigingi kwa sababu nyingine. Sababu hiyo si yangu."

Baba mdogo aliinamisha kichwa.

"Sababu gani?" chefu aliuliza. "Muntu hapindishe nyumba nzima bure."

"Alikuwa amelewa," mtu wa nyuma alisema. "Si banasema kila siku?"

Walicheka. Marehemu wangu hajamaliza hata miezi miwili, na mimi nimefunga mdomo. Nilihesabu matofali ya ukuta ili nisilie.

"Alikuwa na akili kupita weye," bibi alisema.

Aliinuka, akatoka. Tulisikia fimbo yake ikienda kando ya ukuta, polepole, mpaka nyuma. Tulimfuata. Alikuwa amesimama penye pembe, miguu pamoja.

"Mutoto wangu iko hapa," alisema. "Fundi alimuona, akamuacha alale."

Mwanawe alivua kofia. Hakuna aliyeuliza baba wa mtoto ni nani. Chefu alisema nyumba ibaki kama ilivyo, atatuita siku nyingine. Hajatuita.

Baba mdogo hanisalimu mpaka leo. Lakini Ijumaa iliyopita nilimwona akipita nyuma ya shule kwa njia yake ya mkato. Alipofika kwenye ile pembe alizunguka mbali kidogo, majanini, kanzu yake ikalowa umande.