Majirani Niliowaandikia Barua

Niliteleza kwenye tope nikitoka chooni nyuma ya nyumba yangu hapa Nkende, mguu wa kushoto ukavunjika chini ya goti. Hospitali walinifunga plasta hadi pajani, wakasema nisikanyage chini kwa wiki nane. Mume wangu alishafariki, wanangu wako mbali. Nikabaki kitandani nikitazama ukuta.

Wiki ya kwanza wenzangu wa kanisani walikuja wengi, maana nilikuwa katibu wa baraza la kanisa. Waliimba, wakaomba, wakaacha sukari. Wiki ya pili walikuja wawili. Ya tatu hakuja mtu; watu walikuwa kwenye palizi.

Waliokuja kila siku ni majirani zangu wawili, na hao ndio niliotaka wasije. Mkubwa ni mjane ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume. Kwa desturi yetu Wakurya, alitoa ng'ombe akaoa msichana, ndiye jirani wa pili, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Binti huyo alipopata mtoto aliomba abatizwe kanisani kwetu. Baraza lilikataa. Barua niliiandika mimi, tena bila kusita, maana niliamini nyumba ile ni ya dhambi na yule mama anamtumikisha binti wa watu kama punda.

Sasa mama huyo alinipikia uji, na binti akaniletea beseni. Alinigeuza, akaniosha mgongo, akanisugua kisigino cha mguu mzima. Kila alipoingia nilifumba macho nikijifanya nasali. Sikuwa na pa kwenda.

Siku moja nikamuuliza, "Huyo mama ndiye anakulazimisha kuja?"

"Hapana," akasema, akikamua kitambaa. "Yeye alitaka tupokezane. Nilimkatalia, mgongo unamsumbua."

"Na pale kwake unakaa kwa hiari?"

"Mwanaume niliyekaa naye kwanza alinipiga mpaka sikio hili halisikii. Kwa mama sijapigwa hata kofi." Akachovya kitambaa tena. "Ile barua, mama katibu, ni mwandiko wako. Niliisoma mwenyewe."

Nilikuwa nimedhani hajui kusoma. Akaninyanyua mguu mzima, akaendelea kuosha.

Plasta ilipotolewa nilikwenda barazani kwa mkongojo, nikaomba shauri la mtoto yule lirudiwe.

Mwenyekiti alinisikiliza kwa upole. "Mama, wamekuuguza, sasa unaona aibu," akasema. "Aibu haibadilishi mafundisho."

"Kwenye barua tulisema hawana upendo wa Mungu," nikajibu. "Mimi nimeuona."

Wakapiga kura. Nilinyoosha mkono peke yangu. Halafu, kwa kuwa ndimi niliyekuwa katibu, nikaandika kwenye muhtasari kwamba ombi limekataliwa, nikatia saini.

Ukatibu niliuacha mwezi uliofuata. Kanisa nimeshindwa kuliacha. Watu wale ndio walionizikia mume wangu, na ndio watakaonizika mimi, sina wengine. Jumapili nakaa kwenye benchi langu. Tukifika kwenye sala ya kuungama nayasema maneno pamoja nao, na sijui kama nasali au nasindikiza tu.

Mtoto alibatizwa Sirari, katika kanisa jingine. Nilisikia baadaye. Hawakunialika, nami sikuthubutu kuuliza kwa nini.